Nataka kuonja na kuuza mvinyo wa Dodoma: nianzie wapi?

Swali: Shikamoo. Mimi ni mtumishi, nilihamia Dodoma miaka mitatu iliyopita na ninaishi mtaa wa Kisasa. Nina rafiki yuko Ubelgiji, ananisimulia jinsi watu wa huko wanavyoonja bia za viwanda vidogo, wanaandika kwenye daftari, kisha wanabadilishana chupa kwa chupa. Nikawaza, mbona sisi mvinyo tunao mlangoni? Nataka kujifunza kuonja, nibadilishane chupa na wenzangu wa mikoani, na Mungu akijalia nifanye biashara ndogo. Nimeweka akiba ya shilingi 800,000. Sijui lolote. Nianzie wapi? Halafu mjomba alinipa chupa mbili za mvinyo mwekundu mwaka jana, zipo juu ya friji, nasita kuzifungua.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nimefurahi kuona neno "kujifunza" limetangulia mbele ya neno "biashara". Wengi wanaonijia huanza na bei ya katoni.

Hizo 800,000 ziache zilipo kwa miezi sita. Toa humo bei ya chupa mbili tu kila mwezi. Nasema mbili kwa sababu kuonja ni kulinganisha. Mtu akikupa glasi moja akakuuliza unaionaje, utasema nzuri au mbaya, na hapo utakuwa umesema habari zako, si za mvinyo. Akikuwekea glasi mbili, ulimi wenyewe unaanza kuongea: hii inakausha mdomo, ile haikaushi, hii harufu yake inakaa, ile imekimbia. Miaka yote niliyosindika zabibu sijawahi kuonja tangi moja peke yake nikaamini nilichokionja.

Kabla hujanunua hata hiyo chupa ya kwanza, fanya zoezi moja jikoni kwako. Chukua glasi tatu za maji. Ya kwanza tia kijiko cha chai cha sukari. Ya pili kamulia ndimu, au tia maji ya ukwaju. Ya tatu iwe chai ya rangi iliyokolea sana, imepoa, haina sukari. Onja ya ndimu, kisha subiri. Mate yanajaa pembeni mwa ulimi. Huo ndio uchachu. Sasa chukua chai: ulimi unakwaruza, fizi zinakauka kana kwamba umekula zambarau au ndizi ambayo haijaiva. Huo ni ukakasi. Watu wengi wanaoanza huchanganya haya mawili, wanayaita yote "uchungu", na wakishakosea hapo hawatofautishi tena mvinyo ulioharibika ukawa siki na mvinyo mwekundu ulio mzima kabisa.

Kisha tia sukari kwenye ile glasi ya ndimu, koroga, onja tena. Utamu umekuja mbele, lakini mate bado yanajaa. Uchachu haujaondoka, umefunikwa tu. Shika sana jambo hili, maana mvinyo mwingi unaouzwa kwetu ni mtamu, na sukari ndiyo blanketi linalofunika kasoro. Ukionja mvinyo mtamu, uachie ulimi utamu wake, kisha sikiliza mate. Kama mate hayaji kabisa na mdomo umebaki na sukari peke yake, mvinyo huo ni bapa, na glasi ya pili itakukinai.

Ukakasi unatoka kwenye ganda na mbegu za zabibu. Mvinyo mwekundu huchachushwa pamoja na maganda, ndipo unapata rangi na ule mkwaruzo. Mweupe hukamuliwa kwanza, maganda yanatupwa, maji ya zabibu yanachacha peke yake. Kwa hiyo usitafute ukakasi kwenye mweupe, utafute uchachu. Na kwenye mwekundu vitafute vyote viwili.

Baada ya hapo anza na jozi. Mwezi wa kwanza nunua mvinyo mweupe wa Dodoma wa zabibu iitwayo Chenin Blanc, ulio mkavu, yaani ambao sukari yake imeliwa yote na hamira, na uuweke kando ya mweupe mtamu. Mwezi wa pili nunua mwekundu wa zabibu ya Makutupora, hii yetu tuliyoizoea, kando ya mwekundu wa zabibu za Syrah au Cabernet Sauvignon zilizolimwa hapa hapa. Mwezi wa tatu nunua chupa mbili za mvinyo mmoja, moja kutoka kiwanda chenyewe na moja kutoka duka la mtaani. Jozi hii ya tatu ndiyo niipendayo kuliko zote, na nitairudia.

Onja asubuhi, saa nne hivi, kabla ulimi haujachoshwa na chakula cha mchana. Usijipake manukato, na meno yawe yamepigwa mswaki muda mrefu kabla. Mimina theluthi ya glasi, isizidi. Weka karatasi nyeupe nyuma yake utazame rangi. Nusa kabla hujaizungusha, kisha zungusha unuse tena. Harufu ya pili ndiyo yenye habari. Piga funda dogo, lipeleke kila upande wa mdomo, lishike, halafu tema kwenye kopo. Kutema si dharau kwa aliyetengeneza. Mvinyo una kilevi cha asilimia 11 hadi 13 hivi, na anayemeza kila glasi, akifika ya nne anaonja kilevi tu. Na aliyeonja asiendeshe gari, hata kama ametema.

Andika hapo hapo: tarehe, mtengenezaji, zabibu, bei, ulipoinunua, na harufu kwa maneno yako. Nakusihi usiandike majina ya matunda ya Ulaya ambayo hujawahi kuyatia mdomoni. Andika zambarau, ubuyu, embe, asali, ngozi ya kiatu kipya, moshi wa kuni, udongo wa hapa Dodoma mvua ya kwanza ilipougusa. Hayo unayajua tangu utotoni, kwa hiyo daftari lako litakuwa la kweli.

Sasa kuhusu joto, na hapa utanivumilia nikikaa kidogo. Utasikia kwamba mvinyo mweupe unywewe baridi na mwekundu unywewe katika "joto la kawaida". Maneno hayo yametoka kwenye nchi ambazo chumba cha kawaida kina nyuzi 16 au 18. Sebule ya Kisasa mwezi wa Oktoba, saa kumi jioni, ni habari nyingine. Mvinyo mwekundu ukiunywa na nyuzi 28, kilevi kinapanda puani na utamu wa tunda unapotea. Uweke kwenye friji nusu saa kabla ya kuufungua. Mweupe ukae humo kwa muda wa saa tatu au nne, kisha uutoe dakika kumi kabla ya kumimina, maana ubaridi ukizidi harufu inalala.

Joto hilo hilo ndilo linaloua mvinyo wetu dukani. Mwaka mmoja nilipeleka katoni kwenye duka moja la hapa mjini. Mvinyo niliuonja mwenyewe siku ya kuupeleka, ulikuwa mzima, una harufu ya zambarau na ubuyu. Baada ya wiki saba mteja akanipigia simu kwa hasira. Nilipofika nikakuta chupa zimepangwa dirishani, zimesimama, jua la alasiri linazipiga, juu yake bati tupu lisilo na dari. Nikashika moja: ilikuwa ya moto kama kikombe cha chai. Vizibo vilikuwa vimesukumwa juu kiasi cha unene wa kucha, na mvinyo umechirizika mpaka kwenye lebo. Ndani, rangi imegeuka kuelekea kahawia, harufu ni ya jamu iliyopikwa ikaungua. Wateja wa lile duka walishaamua kwamba "waini ya Dodoma ni mbaya". Hawakuwahi kuionja waini ya Dodoma. Walionja lile dirisha. Jambo hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu nyuma ya kila chupa kuna mkulima aliyepogoa na kupulizia dawa miezi minne.

Ndiyo maana ile jozi ya tatu ni muhimu. Chupa ya kiwandani na chupa ya dukani, mvinyo ule ule, zikitofautiana, umeshajua habari ya duka. Ukitaka kuuza siku moja, elimu hiyo ina faida kuliko kujua majina ya zabibu zote za Ufaransa.

Kasoro nyingine utazijua kwa pua. Harufu ya siki, au ya dawa ya kufutia rangi ya kucha, ni mvinyo uliovamiwa na bakteria na hewa, hautapona. Harufu ya yai viza wakati mwingine huondoka ukiuzungusha na kuuacha glasini robo saa, kwa hiyo usiumwage haraka. Tufaa lililomenywa likaachwa mezani: hewa imeingia. Boksi lililolowa: kizibo kilikuwa kibovu, na hilo humpata hata mtengenezaji mwangalifu. Mvinyo wa kawaida unaotoa povu ulimini umeanza kuchacha upya ndani ya chupa, kwa kuwa sukari ilibaki na hamira haikuchujwa vizuri.

Siku za mwisho wa juma toka mjini. Barabara ya Iringa itakupeleka Bihawana, ambako wamisionari Wakatoliki walipanda mizabibu zamani, na mbele kidogo Mpunguzi. Upande wa kaskazini, njia ya Arusha, kuna Veyula na Makutupora penye kituo cha TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo. Hombolo ina mashamba na kiwanda. Chamwino ina shamba kubwa la pamoja la Chinangali. Nenda ukaone mizabibu inavyopogolewa. Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi na kuzaa mara moja kwa mwaka. Hapa hakuna baridi ya kuulaza, mkulima anaulaza kwa mkasi: akipogoa, baada ya miezi minne hivi anavuna. Kwa hiyo tuna misimu miwili, mmoja wa Februari na Machi, mwingine wa Agosti na Septemba. Zabibu za kwanza zinaivia kwenye mvua, maji ni mengi, ubwiri, yaani ugonjwa wa ukungu, unasumbua, na mara nyingi sukari inakuwa chini. Za pili zinaivia wakati wa ukavu, usiku ukiwa wa baridi. Mimi nikipewa nafasi ya kuchagua nachukua za Agosti. Muulize kila msindikaji mvinyo wake ni wa msimu upi. Asiyejua, andika hilo daftarini.

Ukiwa huko utasikia neno "mchuzi". Usidhani ni wa nyama. Ni maji ya zabibu yaliyokamuliwa na kuchachushwa, yanayouzwa kwa jumla na wasindikaji wadogo kwenda kwenye viwanda vya kufunga mvinyo kwenye chupa. Ukikaribishwa, msindikaji atafungua koki ya tangi, atamimina kidogo, atainua glasi kwenye mwanga wa mlango. Mwombe akuoneshe alichopima. Wengi wana kipimo cha sukari cha kutazamia kama darubini ndogo, unadondoshea tone la maji ya zabibu unasoma namba. Hesabu yake ni rahisi: takriban gramu 17 za sukari katika lita moja hutoa asilimia moja ya kilevi. Zabibu yenye gramu 204 itakupa mvinyo wa asilimia 12. Yenye gramu 150 haifiki hata 9, na hapo ndipo kishawishi cha kumwaga mifuko ya sukari ya dukani kinapoanza. Wakulima huvuna mapema kwa kuogopa ndege, wezi, mvua, au bei kushuka zabibu zikijaa sokoni zote kwa pamoja. Simlaumu mkulima. Lakini mvinyo wa zabibu iliyovunwa mbichi utautambua: unaanza kwa utamu, katikati pana shimo, mwisho hakuna kitu.

Na hapa nakuonya kwa nguvu zangu zote. Atatokea mtu akwambie, "Dada, nunua dumu la lita 20 la mchuzi, tafuta chupa tupu, funga mwenyewe, faida ni mara tatu." Usifanye. Kufunga mvinyo ni kiwanda. Kunahitaji jengo linalokaguliwa, alama ya ubora ya TBS, na stempu ya kodi kwenye kila chupa. Zaidi ya sheria, chupa iliyooshwa kwa maji ya bomba na kuanikwa uani ni kitalu cha siki. Anayetaka kutengeneza aje tuzungumze siku nyingine. Wewe umeniuliza kuonja na kuuza.

Kubadilishana chupa ni rahisi na kuna raha yake. Tafuta watu wanne au watano, kila mmoja alete chupa moja iliyofunikwa kwa gazeti ili lebo isimdanganye mtu, muonje bila kujua bei. Nimeona mvinyo wa bei ya chini ukishinda mbele ya watu waliokuwa na uhakika wanapenda wa bei kubwa. Kwa wa mikoani, mkubaliane thamani kabla ya kutuma, na kila mmoja aeleze kwa maandishi chupa imekaa wapi na kwa muda gani. Wewe mtumie wa Moshi au Dar es Salaam mvinyo wa Hombolo, yeye akutumie alichonacho, hata wa Afrika Kusini, upate kulinganisha. Funga chupa kwa magazeti mengi, moja moja, kwenye boksi lenye vigawanyo, na uitume kwa basi la usiku. Buti la basi la mchana ni tanuri. Chupa ikifika, iache itulie siku tatu nne kabla ya kuifungua. Mpaka hapo ni zawadi baina ya marafiki. Pesa ikishaingia, umekuwa mfanyabiashara, na taratibu zake zinaanza.

Taratibu zenyewe hazitishi. TIN ya TRA, jina la biashara BRELA, leseni ya biashara, na leseni ya vileo ambayo kwako utaiomba Jiji, chini ya Sheria ya Vileo ya 1968. Nenda ofisini mwenyewe ukaulize ada za mwaka huu, usitegemee ya kuambiwa. Kila chupa unayonunua ikague stempu kwa programu ya simu ya TRA iitwayo Hakiki Stempu. Ujue pia kwamba ushuru wa bidhaa kwa mvinyo wenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za nchini ni mdogo kuliko wa mvinyo mwingine. Ndiyo nafasi uliyopewa, itumie. Usimuuzie mtu aliye chini ya miaka 18. Na mteja akikuomba umpimie kwenye mfuko wa plastiki, mkatalie. Viroba vilipigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017, na mvinyo hauna kazi mle.

Baada ya miezi sita, daftari lako litakuwa na kurasa za kutosha kukuchagulia. Usinunue aina kumi. Chukua tatu: mweupe mkavu, mwekundu mkavu, na mmoja mtamu. Huo mtamu usiudharau kama wanavyofanya baadhi ya wanaojiita wajuzi. Ndio unaonyweka kwenye sherehe zetu, na mtamu uliotengenezwa vizuri ni kazi ngumu. Tumia theluthi ya mtaji kwenye mzigo, si zaidi. Nunua mzigo uliofungwa siku moja kutoka tangi moja, fungua chupa moja ya kila katoni kumi, onja. Hiyo chupa si hasara, ni gharama yako ya kujua unachouza. Hifadhi kwenye chumba chenye dari, upande usiopigwa na jua la jioni, chupa za vizibo vya magome zilazwe. Ukikosa chumba hicho, usinunue zaidi ya unachouza kwa wiki mbili.

Wateja wako wa kwanza wasiwe maduka. Wawe watumishi wenzako wa Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, wanaotafuta zawadi ya kupeleka kwao, na wauza nyama choma wawili watatu watakaokubali uje na glasi zako. Chupa ya mililita 750 inatoa glasi sita za mililita 125, kwa hiyo unaweza kuonjesha watu sita kwa chupa moja, na zaidi ukipima funda. Mbuzi wa kuchoma na mwekundu wenye ukakasi vinapendana, mafuta yanaufuta ule mkwaruzo. Kwa sato wa Mtera waliokaangwa, mpe mtu Chenin Blanc kavu ya baridi, kisha mwache ale kwa utulivu. Usimfundishe, mwekee glasi mbili.

Sasa zile chupa za mjomba. Juu ya friji ni mahali pabaya kuliko pote ndani ya nyumba, kwa sababu joto la mashine linapanda hapo na mtetemo haukomi. Zitoe leo. Lakini usizitupe, wala usizifiche kwa aibu. Jumamosi hii nunua chupa mpya ya mvinyo huo huo, kiwandani ukiweza. Ipoze nusu saa pamoja na moja ya mjomba. Mimina mbili kando kwa kando juu ya karatasi nyeupe, tazama ukingo wa rangi kabla hujanusa, na uniandikie ulichoona. Chupa ya pili ya mjomba ibakize ndani ya kabati la chini, ukiwa umeilaza, hadi mwakani.